Zawadi kwa Askari Majeruhi: Uliza Kwanza, Ndipo Utume

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Neno hilo ni kweli, lakini moyo peke yake hautoshi. Mtu aweza kutoa kwa moyo mweupe, na kile alichotoa kisimfae hata kidogo aliyepewa. Somo letu la juma hili ni juu ya vitu wanavyopelekewa askari waliojeruhiwa vitani, wakiwa wamelazwa hospitali.

Kwa nini askari ahitaji vitu?

Watu wengi hudhani kwamba askari aliye hospitali hakosi kitu, kwa kuwa serikali humlisha na kumtibu. Na tuitazame safari yake. Anapoangushwa na risasi au bomu, wauguzi huzikata nguo zake kwa mkasi ili wayaone majeraha yote upesi. Mfuko wake, viatu vyake vya akiba, wembe wake na picha za watoto wake hubaki kambini. Yeye hupakiwa katika ndege akiwa juu ya machela, amefunikwa blanketi.

Hivyo ndivyo walivyofika maelfu ya askari wa Marekani katika hospitali ya jeshi ya Landstuhl, nchini Ujerumani, wakati wa vita vya Afghanistan vilivyoanza mwaka 2001 na vya Iraq vilivyoanza mwaka 2003. Ndege zilitua katika kiwanja cha Ramstein kilicho karibu, na majeruhi wakachukuliwa kwa gari mpaka hospitali. Jina la Landstuhl si geni kwa Kenya, kwani baadhi ya waliojeruhiwa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, walipelekwa huko kutibiwa.

Mgonjwa asiye na vazi ila kanzu ya hospitali iliyo wazi mgongoni huona haya kutoka kitandani. Hatakwenda kula pamoja na wenzake, wala hatatembea ukumbini kujizoeza mguu wake. Basi suruali moja, pamoja na sapatu, mswaki na wembe, humrudishia heshima yake na kumsaidia kupona. Kwa sababu hiyo makasisi wa hospitali ya Landstuhl waliweka chumba cha vitu vilivyotumwa na raia, na majeruhi walipewa humo nguo, viatu na vifaa vya kuogea bila malipo.

Nguo zilizoshonwa kwa kuuliza

Lakini si kila nguo yamfaa majeruhi. Mtu aliyevunjika mguu vibaya huenda akafungwa vyuma nje ya ngozi ili mfupa ushikwe, na suruali ya kawaida haiwezi kupita juu ya vyuma hivyo. Mwaka 2004 kilianzishwa huko Marekani chama kiitwacho Sew Much Comfort, cha kushona nguo za watu kama hao. Suruali na shati za chama hicho zilifunguliwa ubavuni na kufungwa tena kwa utepe wa kunata uitwao velkro. Mgonjwa aliweza kuvaa bila maumivu mengi, na daktari alilitazama jeraha bila kumvua nguo zote. Washonaji hawakuanza na kitambaa walichokipenda wao. Walianza na shida ya mgonjwa.

Mafunzo ya zamani

Jambo hili lilijulikana tangu zamani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 mpaka 1865, wanawake wa mijini na mashambani walipeleka masanduku mengi kwa askari. Wengine walitia ndani ya sanduku moja mashati, matunda na chupa za vyakula. Njiani chupa zilivunjika, matunda yakaoza, na mashati yakaharibika kabla ya kumfikia mgonjwa yeyote. Halmashauri ya Afya iliyoundwa mwaka 1861 ilipokea masanduku hayo katika maghala yake. Huko Chicago, Mary Livermore na Jane Hoge waliongoza kazi ya kuyafungua, kuvichambua vitu na kuvipanga upya, kila aina katika sanduku lake. Kisha vilipelekwa mahali vilipohitajiwa.

Mambo ya kukumbuka

Msomaji apendaye kuwasaidia wagonjwa wa namna hii, askari au raia, na ayashike haya:

1. Uliza kwanza. Mwandikie mkuu wa hospitali au kasisi wake, ujue ni nini kinachotakiwa na ni kiasi gani.

2. Toa kitu kipya au kisafi kabisa. Kidonda ni rahisi kuingiwa na uchafu. Nguo usiyoweza kumvalisha ndugu yako, usimpelekee mgeni.

3. Usichanganye vyakula na nguo, na uandike juu ya kila furushi vilivyomo na vipimo vyake.

4. Usisahau vitu vidogo. Sabuni, soksi, karatasi za barua na kalamu ni vyepesi kutuma, na mgonjwa huvitumia kila siku.

Majeruhi hawezi kuchagua, wala mara nyingi hathubutu kukataa. Kwa hiyo ni juu yetu sisi tulio wazima kujisumbua kuuliza kabla ya kufunga furushi.