SOMO LETU: TUPANGE KESI ZA SUMU ILI ZITUFAE



Kikundi kikiona taka zenye sumu zinamwagwa karibu na kisima, swali la kwanza huwa: "Je, kuna watu waliowahi kushtaki wakashinda?" Wapo. Shida ni kwamba habari zao zimetawanyika. Basi leo tujifunze kuzipanga, iwe katika daftari au kompyuta.

Tuchukue kesi ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji hicho mwaka 2007, kikafungwa 2014. Watoto walipatikana na madini ya risasi katika damu. Wakaaji, wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, walienda kortini 2016. Kadi ya kesi hiyo tuijaze hivi:

1. Sumu gani? Risasi. Tusiandike "uchafu" tu. Risasi hupimwa katika damu na udongo. Sumu nyingine ina vipimo vyake. Ushahidi hutofautiana.

2. Ilipitia wapi? Hewa, udongo, maji. Kesi moja yaweza kuwa na njia tatu. Ziandikwe zote, ili anayetafuta "maji" aipate, na wa "hewa" aipate vilevile.

3. Walidai nini? Haki ya mazingira safi, fidia, na mahali pasafishwe. Tutenganishe madai haya. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 chasema anayetetea haki hii halazimiki kuonyesha kwamba mtu ameshaumia. Kwa hiyo twaweza kwenda kuzuia sumu mapema. Lakini anayetaka fidia lazima athibitishe madhara.

4. Walioshtakiwa ni nani? Kampuni pamoja na ofisi za serikali. Ofisi isiyosimamia sheria nayo yaweza kulipishwa.

5. Imefika wapi? Hapa ndipo wengi hukosea. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Aliyefunga kadi yake 2023 bado anawaambia wenzake ati kesi ilishindwa, nao wanakata tamaa bure!

Kwa hiyo kila hatua iandikwe na tarehe yake, na kadi isifungwe. Tena tuache nafasi ya swali hili: "Amri imetekelezwa?" Kushinda kortini ni jambo moja, pesa kumfikia mama mwenye mtoto mgonjwa ni jambo lingine.

Maswali ya kujadiliana:
- Hapa kwetu kuna sumu gani, na inapitia wapi?
- Tunataka kuzuia, kulipwa fidia, au kusafishiwa mahali?
- Nani katika kikundi atatunza kadi na kuzipitia kila baada ya miezi mitatu?

Mchagueni leo, kabla hamjafunga mkutano.