SOMO: NANI ANAMTUNZA MZEE, NA NANI ANAULIZA?

Someni kwanza: Matendo ya Mitume 6:1-6



Jumapili mzee anapelekewa uji na majirani watatu. Jumatano hakuna hata mmoja. Huruma tunayo, lakini kazi ya wote mara nyingi inakosa mwenyewe.

Kanisa la kwanza lilipatwa na jambo hilo. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawiwa. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano, na watu wakachagua saba wenye sifa njema. Tangu hapo kazi ikawa na wenyewe.

Na kumtunza mzee si hisani tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa na serikali.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Andikeni orodha ya wazee wote. Nani anatembea, nani yuko kitandani, nani analala peke yake?

2. Gaweni siku, na kila siku iwe na jina la mtu. Msimsahau yule binti au mkaza mwana anayemwinua mzee usiku na mchana. Naye apumzike hata siku moja kwa wiki.

3. Pesa ziwe wazi. Mwaka 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Anayemchukulia mzee pesa amwambie ni ngapi, mbele ya shahidi, na ziandikwe daftarini.

4. Chagueni kamati ya watu watatu wasio wa boma hilo. Wamtembelee mzee kila mwezi na wazungumze naye mtunzaji akiwa nje kidogo. Mbele ya anayemlisha, mzee atasema tu, "Niko sawa."

5. Kamati ilete ripoti kikundini. Mambo ya siri ya mzee yasitangazwe. Lakini akipigwa au akinyimwa chakula, msiyamalize kwa kikombe cha chai. Mpelekeeni chifu au polisi habari.

Maswali ya kujadili

- Kijijini kwetu, ni mzee gani hatujamwona mwezi huu?
- Akidhulumiwa na mwanawe mwenyewe, atamwambia nani?
- Ni watu gani watatu ambao wazee wenyewe wangewachagua? Je, tumewauliza?