SOMO: NANI AMESHINDA? MBIO YA SAFARI YA MWAKA 1953 NA CHUKUDU ZETU



Siku ya sikukuu ya shule wote mliona yale matata. Chukudu nane ziliteremka kutoka juu ya kilima mpaka kwenye chemchemi, kila moja na mfuko wa viazi wa kilo 40. Wa kwanza kufika alikuwa mwenzetu wa darasa la tano, lakini mfuko wake ulikuwa umeanguka kwenye kona ya pili, viazi vikatawanyika njiani. Wa pili, wa darasa la sita, alifika na mzigo wake mzima. Yule aliyewafuata hakufika. Aliteleza juu ya vile viazi, na mkono wake umeshonwa. Tangu ile siku wanafunzi wa tano na wa sita hawasalimiani vizuri, na mpira wa zawadi unakaa ndani ya ofisi ya Bwana Prefe.

Bwana Prefe alituita sisi viongozi wa wanafunzi, akatuuliza neno moja tu: kanuni ya kushinda iliandikwa wapi? Hatukuwa na jibu. Sisi ndio tulishika saa, sisi ndio tulipiga filimbi, lakini kanuni hatukuiandika. Kila mtu alikuwa na yake kichwani. Basi alitupa kazi, kama tutafute namna watu wengine walivyohesabu mbio zao, tena tuwaelezee ninyi hapa kabla ya mbio ya pili.

Tumechagua mbio iliyo jirani na sisi. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua njia ya Beni, Kasindi, mpaka Kampala. Huko Uganda, pamoja na Kenya na Tanganyika (leo Tanzania), ilianza mbio ya motokari ambayo dunia yote iliijua baadaye kwa jina la Safari.

Ilifanyika mara ya kwanza kuanzia tarehe 27 Mei mpaka tarehe 1 Juni 1953. Waliianzisha kwa kusherehekea malkia Elizabeth wa Uingereza, aliyevikwa taji tarehe 2 Juni mwaka ule. Ilikuwa wakati wa ukoloni, na wengi walioendesha walikuwa walowezi Wazungu. Tusisahau kama Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952 juu ya vita ya Mau Mau. Wengine walikuwa wakifurahia motokari, na wengine walikuwa wakifungwa. Lakini mwaka uliofuata, 1954, katika motokari iliyoshinda, Vic Preston alikuwa pamoja na mwenzake Mhindi, D. P. Marwaha.

Mtu mmoja aliyeleta wazo hilo ni Eric Cecil. Ndugu yake Neil Vincent hakupenda mbio za kuzunguka-zunguka uwanja mmoja. Alitaka watu waingie ndani ya motokari, wafunge milango, waende mbali katika nchi, kisha warudi. Tena motokari zenyewe hazikuwa za ajabu. Zilikuwa zile za kununua dukani, za kwenda nazo sokoni na kanisani. Watu walitaka kujua ni ipi itavumilia barabara za Afrika, maana aliyeuza alisifu yake, na aliyenunua ndiye aliyebaki nayo ndani ya matope.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo somo letu lilipo. Mwaka 1953 motokari ziligawanywa katika vikundi kufuatana na bei yake. Ya bei ndogo ilishindana na ya bei ndogo, ya bei kubwa na ya bei kubwa. Mwishoni hawakutangaza mshindi mmoja wa wote! Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyokuwa na alama chache za makosa, na leo vitabu vingi vinaiandika ya kwanza, lakini ushindi uliotangazwa ulikuwa wa kila kikundi. Sisi tuliposoma hivyo tulicheka, kisha tukanyamaza. Kumbe mbio kubwa vile iliweza kuisha bila mshindi mmoja, na watu hawakupigana.

Alama za makosa ni nini? Katika mbio ya namna hii hawaulizi paka nani amefika mbele. Motokari zinaondoka moja moja, si zote pamoja. Njiani kuna vituo, na kwa kila kituo saa ya kufika imepangwa mbele. Ukichelewa dakika moja unaandikiwa alama moja. Mwenye alama chache ndiye anashinda.

Tufanye hesabu ya kwetu. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi, kupitia Maboya na Kabasha. Tuseme wamepanga mwendo wa kilometa 36 kwa saa. 54 tukigawanya kwa 36 tunapata 1.5, ni kusema saa moja na dakika 30. Shofere wa kwanza ameondoka Butembo saa mbili kamili asubuhi, basi anangojewa Beni saa tatu na dakika 30. Amefika saa tatu na dakika 37: alama 7. Shofere wa pili ameondoka saa mbili na dakika 10, anangojewa saa tatu na dakika 40. Amefika saa tatu na dakika 42: alama 2. Watu wa Beni wanaosimama kando ya barabara wamemuona wa kwanza akiingia mbele, wanampigia vigelegele. Lakini mshindi ni wa pili. Macho yao hayakusema uongo, ila macho hayashiki saa.

Mchezo huo ulikuwa mgumu sana. Kwa miaka mingi ulifanyika wakati wa Pasaka, katika mvua. Mwaka 1963 motokari 84 ziliondoka, zikafika 7. Ni kusema katika kila 12 ilifika moja. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika tena 7. Miaka yote miwili walishinda watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404. Baba zetu wanaikumbuka sana 404, na wengine wanaisifu mpaka leo kuliko motokari zote (msibishane nao mezani, mtakosa chakula). Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa Kenya aliyeitwa Simba wa Kalasinga, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant, na Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi, jina lile lile tunaloliona kwenye malori ya Fuso yanayopanda kwetu.

Lakini mfano uliotusaidia kuliko yote ni wa mwaka 1973. Mwaka ule Safari iliingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi, jamaa yake ilipoteza makao. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye usukani wa Datsun 240Z. Mwishoni yeye na Harry Källström wa Sweden walikuwa na alama sawasawa! Fikirini kama ingekuwa hapa kwetu, mawe yangeruka. Lakini kanuni ya kuwatenga watu wenye alama sawa ilikuwa imeandikwa mbele ya mbio. Wakaifungua, wakaisoma, ushindi ukawa wa Mehta. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Basi tunarudi kwenye chukudu zetu. Darasa la tano wanasema, mwenzetu alifika wa kwanza. Ni kweli. Darasa la sita wanasema, chukudu ni ya kubeba mzigo, bila mzigo umefika na nini? Hiyo pia ni kweli, na sisi wenyewe, wa darasa la sita, tulikuwa tukisema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini hatuwezi kuandika kanuni leo na kuitumia kwa mbio ya jana. Mehta hakushinda kwa kanuni iliyotungwa baada ya kufika. Kwa hiyo tumemwambia Bwana Prefe, naye amekubali, kama mbio ya kwanza haina mshindi, sawa vile ile ya 1953 haikuwa na mshindi mmoja wa wote. Tunajua wenzetu wa sita watatukasirikia. Wawili hawajazungumza nasi tangu jana.

Mbio ya pili itakuwa Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Kanuni zimebandikwa kwenye mlango wa darasa la kwanza, someni mbele ya kuja. Chukudu zitaondoka moja moja, dakika mbili katikati, ili asiwepo mtu wa kuteleza juu ya viazi vya mwingine. Kila sekunde 10 za kuchelewa ni alama moja. Mfuko utapimwa juu na chini, na kila kilo iliyopotea ni alama 3. Wawili wakiwa sawa, anashinda yule ambaye mzigo wake ni mzito zaidi chini. Wakiwa sawa hata hapo, mpira utakuwa wa madarasa yote mawili.

Mwenzetu aliyeumia hawezi kusukuma chukudu bado, ila amekubali kushika saa kwenye chemchemi. Wenye kushindana walete chukudu zao Ijumaa baada ya masomo, tutazame kipande cha pine cha kufunga gurudumu la nyuma. Isiyo na freni haitaondoka. Na viazi vilivyopotea, sisi viongozi tutavilipa.