SOKO HURIA NA UCHUMI HODHI: KWA NINI MWENZAKO ANASHUSHA BEI NA HAKUNA WA KUMZUIA?

Mfanyabiashara mwenzangu, somo la leo linagusa bei unayoandika kwenye posti zako. Soma mpaka mwisho.

Kuna njia kuu mbili za kuendesha uchumi.

1️⃣ UCHUMI HODHI
Serikali ndiyo inaamua kizalishwe nini, nani auze na kwa bei gani. Watanzania tumeshapita huko. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mabenki na biashara kubwa za jumla zilitaifishwa. Mwaka 1973 ikaja Tume ya Bei.

Uzuri wake: bei inajulikana, mnyonge halanguliwi.
Ubaya wake: bei ikipangwa chini sana, mzigo unapotea dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 80 sukari, sabuni na khanga vilikuwa vya kupanga foleni, na magendo yakashamiri. Mwaka 1983 ukapita msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Zama hizo mwenye mzigo ndiye bosi, mteja anabembeleza.

2️⃣ SOKO HURIA
Bei inatokana na wanunuzi na wauzaji wenyewe. Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Alipokuja Rais Mwinyi, "Mzee Ruksa", milango ikafunguka zaidi na maduka yakajaa. Lakini kibao kikageuka: mteja ndiye bosi, na bei yako hailindwi na mtu.

Leo tuna mchanganyiko. Gauni unajipangia bei mwenyewe, ila petroli ina bei kikomo ya EWURA.

SASA WEWE UFANYEJE?

✅ Piga hesabu kabla ya kushusha. Tuseme gauni umenunua 12,000, nauli na bando 2,000, mfuko 500. Jumla 14,500. Mwenzako akiuza 15,000 na wewe ukamfuata, unabaki na 500. Gauni moja likirudi likiwa haliuziki tena na ukarudisha hela, faida ya magauni 29 imekwenda.

✅ Shindana kwa kingine. Picha halisi, vipimo vya kweli, kujibu meseji mapema, mzigo kufika siku uliyoahidi. Mteja huyu ana wauzaji wengi kwenye simu yake, usimjibu kama yule wa foleni ya sukari.

✅ Fuatilia bei za serikali. EWURA hutangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zikipanda, ongea na bodaboda wako mapema, kisha rekebisha gharama ya delivari kabla hujapokea oda mpya.

Soko huria limekupa ruhusa ya kupanga bei. Kupata faida ni juu yako na daftari lako.

Bidhaa yako kuu inakugharimu shilingi ngapi mpaka imfikie mteja? Kama huna jibu, anza na hiyo leo. Mtumie na mwenzako anayeuza kwa hasara bila kujua. 👇