Sampu Isiyovuja: Mwongozo wa Kusafisha, Kupaka Rangi na Kuziba Sampu ya Injini Nyumbani

Sampu ni karai la chuma lililofungwa chini ya injini, na ndimo mafuta yote ya injini hukusanyika kabla ya kuvutwa na pampu na kusambazwa kwenye beringi na pistoni. Kwa kuwa ndiyo sehemu ya injini iliyo karibu zaidi na ardhi, hupigwa na matuta, mawe na matope kila siku. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, si ajabu kuona doa jeusi la mafuta mahali gari lilipolala. Doa hilo ndilo huwafanya wenye magari kumwita fundi nyumbani, au kuamua kuifanya kazi wenyewe.

Kazi hii inawezekana nyumbani, mradi kanuni moja izingatiwe: kinachozuia mafuta ni usafi na unyofu wa nyuso mbili zinazokutana, yaani ukingo wa sampu na ukingo wa injini. Silikoni ya kuzibia huja kusaidia tu. Fundi anayelundika silikoni juu ya uso mchafu anaahirisha uvujaji kwa wiki chache na kumgharimu mteja mara mbili.

Uchunguzi kabla ya kufungua

Mafuta hufuata mvuto wa ardhi, na upepo wa safari huyasukuma nyuma. Kwa hiyo sampu iliyolowa si lazima iwe ndiyo inayovuja. Chanzo kinaweza kuwa gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, chujio la mafuta lisilokazwa vizuri, au sili ya nyuma ya kranki. Utaratibu sahihi ni kuosha injini upande wa chini, kuiacha ikauke, kuendesha gari kwa muda mfupi, kisha kufuatilia unyevu mpya kutoka juu kwenda chini kwa tochi.

Vali ya kupumulia ya injini nayo ikaguliwe. Ikiziba, shinikizo hupanda ndani ya injini na kuyasukuma mafuta nje kupitia kila mwanya, hata sampu iwe imezibwa upya jana. Kumfungulia mteja sampu ambayo haikuwa na kasoro ni kumtoza kazi asiyoihitaji.

Ni wajibu vilevile kutambua mpaka wa kazi ya nyumbani. Katika magari mengine sampu haitoki mpaka injini iinuliwe, au mpaka bomba la moshi au boriti iliyo chini yake ifunguliwe. Kazi ya namna hiyo ifanywe kwenye karakana yenye vifaa.

Usalama mahali pa kazi

Gari liegeshwe penye sakafu ngumu na iliyo sawa. Magurudumu yasiyoinuliwa yawekewe vizuizi, na breki ya mkono ivutwe. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari mpaka likae juu ya stendi za chuma zilizo imara. Mawe ya kujengea hupasuka ghafla, na rimu kuukuu huteleza, kwa hiyo vyote viwili visitumiwe kushikilia gari.

Mafuta yaliyotumika yana kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeyagusa miaka mingi, hivyo glavu ni za lazima, na mikono ioshwe kwa sabuni badala ya petroli. Katika makazi ya ghorofa, ambako jiko la makaa huwashwa kibarazani na nguo huanikwa hatua chache kutoka maegesho, petroli na thina visitumiwe kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna moto karibu. Mtu anayemwajiri msaidizi au mwanagenzi anatakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 kumpa vifaa vya kujikinga bila kumkata malipo.

Kufungua na kusafisha

Mafuta humwagwa injini ikiwa vuguvugu, kwa kuwa hapo hutiririka pamoja na uchafu wake, lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Beseni liwe na nafasi ya kutosha. Injini ya Toyota ya 1NZ inayopatikana katika Probox na Fielder nyingi huchukua takriban lita 3.7 pamoja na chujio. Bolti zilegezwe kidogo kidogo kwa mpangilio wa kuvukana, na zihifadhiwe kwa kufuata nafasi zake, maana katika injini nyingine urefu wake hutofautiana.

Sampu iliyofungwa kwa silikoni hung'ang'ania. Bapa jembamba la chuma lipitishwe kwenye ukingo na kugongwa taratibu. Bisibisi isichomekwe kati ya nyuso hizo, hasa ikiwa sehemu ya juu ni ya aluminiamu, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaweza kuwa njia ya mafuta ya miaka mingi.

Sampu ikishatoka, chujio la pampu ya mafuta litazamwe kabla ya jambo lingine lolote. Hapo kazi ya fundi aliyetangulia huonekana wazi. Mara nyingi wavu wake mdogo hukutwa umeshika nyuzi za silikoni, laini kama tambi, zilizokatika kutoka ukingoni kwa sababu silikoni ilipakwa kupita kiasi. Wavu huo ukiziba, pampu hukosa mafuta na beringi husagika. Injini nzima hufa kwa kosa la dakika mbili.

Silikoni kuukuu ikwanguliwe kwa kikwangulio cha plastiki au mbao, kisha nyuso zipanguswe kwa kitambaa safi kilicholowa thina mpaka kitambaa kitoke bila alama. Brashi ya waya na msasa vitumike nje ya sampu pekee. Ndani yake pasuguliwe kwa dawa ya kuondolea grisi, pasuuzwe na kukaushwa kabisa, kwani punje za msasa zikibaki ndani hufika kwenye beringi.

Unyofu wa ukingo hupimwa kwa rula ya chuma. Rula ilazwe juu ya ukingo na tochi imulikwe kutoka nyuma yake. Mwanga unaopenya unaonyesha mahali palipojikunja. Mara nyingi chuma huwa kimevutwa juu kuzunguka matundu ya bolti, dalili kwamba mtu aliwahi kukaza kwa nguvu nyingi. Sampu ya bati hunyooshwa kwa kulaza ukingo juu ya ubao mgumu na kugonga vivimbe hivyo taratibu mpaka mwanga ukatike. Sampu ya aluminiamu haigongwi. Ikiwa imepinda, ipelekwe kwa fundi wa mashine za kuchonga.

Kutu iliyotoboa bati haimalizwi kwa gundi, ambayo huzuia mafuta kwa muda tu. Sampu hiyo ibadilishwe. Ikiwa itachomelewa, iwe imetolewa kwenye gari na kuoshwa mafuta yote, kwa sababu mvuke wake hushika moto. Nyuzi za tundu la nati ya sampu, ile inayofunguliwa kumwaga mafuta, zikilika, kulazimisha nati kubwa zaidi hupasua tundu. Dawa yake ni kuchonga na kuweka nyuzi mpya.

Kupaka rangi

Rangi huzuia kutu. Haizibi uvujaji, na haifai kutumiwa kuuficha. Sehemu ya nje isuguliwe mpaka chuma kionekane, ipakwe dawa ya kutuliza kutu pale ilipobaki, kisha praima na rangi inayostahimili joto la injini. Mafuta ndani ya sampu hufikia nyuzi joto 100 na zaidi, na rangi ya kawaida ya mageti hulainika na kubanduka.

Ukingo wa kuzibia na kikalio cha nati ya sampu vifunikwe kwa utepe kabla ya kupuliza, na ndani ya sampu pasifikiwe na rangi hata kidogo. Silikoni iliyoshika juu ya rangi itatoka na rangi hiyo. Mipulizo miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukiachwa ukauke, hudumu kuliko mmoja mzito.

Kuziba na kufunga

Aina ya silikoni ichaguliwe kwa kusoma maandishi ya kifurushi: iwe ya injini, isiyoharibiwa na mafuta. Mstari usiokatika wa unene wa milimita 3 hadi 4 upitishwe kwenye ukingo, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Pale ambapo kifuniko cha mbele cha injini hukutana na bloku, tone la ziada huhitajika. Kwa injini zake nyingi, Toyota huagiza sampu ifungwe ndani ya dakika 3 baada ya kupaka, na mafuta yasitiwe mpaka saa 2 zipite. Silikoni nyingine huhitaji saa 24, na maelekezo ya mtengenezaji wake yafuatwe.

Bolti zote ziingizwe kwa vidole kwanza, kisha zikazwe kwa mpangilio wa kuvukana. Bolti ndogo za sampu huhitaji takriban nyutoni-mita 9 tu, nguvu ambayo mkono uliozoea nati za magurudumu huizidisha bila kujua. Ndiyo maana spana ya kupimia ukazaji ni ya lazima. Nati ya sampu iwekewe washa mpya. Silikoni ikishakauka, bolti zisikazwe tena, kwani kufanya hivyo huichana.

Baada ya kutia mafuta na chujio jipya, injini iwashwe bila kukanyagwa. Taa ya shinikizo la mafuta isipozimika ndani ya sekunde chache, injini izimwe mara moja. Kazi ihesabiwe kuwa imekamilika pale ambapo kipande cha kadibodi kilichowekwa chini ya gari usiku kucha kimekutwa kikavu asubuhi.

Mafuta yaliyotumika na haki za mteja

Maji ya mitaro ya Kariobangi na Dandora huishia Mto Nairobi, ambao hujiunga na Athi na kufika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mafuta yanayomwagwa mtaroni huingia katika safari hiyo. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Mafuta yaliyotumika yawekwe katika mtungi uliofungwa na kuandikwa, yasichanganywe na thina wala maji, kisha yakabidhiwe mkusanyaji mwenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Gharama ya uondoaji huo iwekwe katika bei ya kazi tangu mwanzo.

Ibara ya 46 ya Katiba nayo inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nayo. Kwa vitendo, makubaliano ya bei yaandikwe kabla ya kufungua bolti ya kwanza, sehemu zilizobadilishwa zionyeshwe, na risiti itaje kazi iliyofanywa na aina ya mafuta yaliyotiwa. Kasoro iliyokutwa ndani ya injini iripotiwe hata kama haimpi fundi kipato.

Kumbukumbu hizo humfaa fundi pia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi wa magari kuanzia Greidi ya Tatu hadi ya Kwanza, na cheti hicho humfungulia aliyejifunzia kazini mlango wa ajira rasmi na zabuni. Mwenye mazoea ya kupima, kuandika na kufuata vipimo vya mtengenezaji huingia mtihanini akiwa tayari anaifanya kazi kwa kiwango kinachotakiwa.

Sampu hukaa mahali ambapo mteja haoni, na wengi hawatainama kamwe kuitazama. Kwa sababu hiyo hiyo, ifungwe kana kwamba mwenye gari atakuja kuikagua kesho kwa rula na tochi.