Kiungo cha Folda katika Kompyuta za Mifumo Mbalimbali

Kibao cha barabarani kinachomwelekeza msafiri wa Ilula kwenda Iringa si mji wa Iringa. Huonyesha tu mji uliko. Kiungo cha ishara katika kompyuta hufanya kazi iyo hiyo: hubeba anwani ya faili au folda iliyoko mahali pengine.

Chukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa nyanya wa Ilula chenye kompyuta mbili, moja ya Linux na nyingine ya Windows. Kumbukumbu za mauzo zimo katika folda moja, lakini programu ya malipo huzitafuta katika folda nyingine. Folda ikinakiliwa, nakala mbili hupatikana, na punde moja hupitwa na nyingine. Mkulima aweza kulipwa kwa takwimu za zamani. Kiungo huepusha hatari hiyo.

Katika jamii ya Unix, viungo hivi vilienea baada ya toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Mifumo hiyo haiulizi kama kinacholengwa ni faili au folda, wala kama kipo. Windows, iliyoanza kuvitumia katika toleo la Vista, hutofautisha kiungo cha faili na kiungo cha folda tangu kinapoundwa. Katika lugha ya Python, amri moja yatosha kwa mifumo yote:

os.symlink(lengo, kiungo, target_is_directory=True)

Neno la kwanza ni anwani ya folda halisi. La pili ni jina la kiungo. La tatu hutamka kuwa kinacholengwa ni folda. Linux hulipuuza neno hilo la tatu. Katika Windows, likiachwa wakati folda halisi haipo, huundwa kiungo cha faili, nacho hakitafungua folda hata itakaporejeshwa.

Aidha, kwa kawaida Windows hudai idhini ya msimamizi, ingawa tangu mwaka 2017 hali ya wasanidi programu katika Windows 10 imelegeza sharti hilo. Kwa hiyo programu iwe tayari kukataliwa, na imweleze mtumiaji sababu.

Amri ya os.unlink huondoa kiungo pekee. Kung'oa kibao hakubomoi mji. Lakini anayefuta faili kwa kupitia kiungo hufuta kumbukumbu halisi za wakulima.