Mada ya 9: Kujitengenezea Kerezo la Mbao kwa Vipuri vya Karakana

Kerezo (wengine husema keezo) ni mashine inayozungusha kipande cha mbao huku fundi akikinyoa kwa patasi aliyoituliza mkononi. Kwenye msumeno wa mviringo au randa la umeme, chombo ndicho kinachozunguka na mbao husukumwa kukifuata. Kwenye kerezo mambo ni kinyume: kinachozunguka ni mbao yenyewe, nayo ina uzito, ina nyufa, na mara nyingi inapofungwa haijawa duara. Ishike tofauti hiyo kabla ya kusoma zaidi. Karibu kila swali la mada hii linarudi hapo.

Kazi zake unazijua: miguu ya meza, nguzo za vitanda, mipini ya patasi, michi, mabakuli. Mninga hukerezeka vizuri. Mpingo nao hukerezeka, ila patasi itahitaji kunolewa kila mara.

Sehemu kuu na vipuri vyake

Kitanda ndicho msingi wa mashine. Vyuma viwili vya chaneli au vya pembe, vilivyolazwa sambamba na kuachiwa nafasi katikati, vinatosha. Mbao nene na ngumu pia inafaa, tena hunyonya mtikisiko vizuri. Upande wa kushoto wa fundi hukaa kichwa, chenye shafti inayoshikwa na beringi mbili. Upande wa kulia hukaa mkia, unaosogezwa na kukazwa kulingana na urefu wa kazi. Kati yao lipo egemeo la patasi. Chini au nyuma ipo mota, na mkanda unaopeleka mwendo kwenye puli ya shafti.

Watahiniwa wengi huorodhesha sehemu hizi tano kisha hunyamaza. Swali likisema "eleza", orodha peke yake haitoshi. Taja na kazi ya kila sehemu.

Kuhusu beringi, jifunze kusoma namba. Chukua beringi kuukuu ya gololi, ifute grisi, uangalie namba iliyochongwa ubavuni. Kwa beringi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, zizidishe kwa 5 upate kipenyo cha tundu kwa milimita. Kwa hiyo 6204 huingia shafti ya milimita 20, na 6205 huingia shafti ya milimita 25. Beringi namba 6203 haifuati hesabu hiyo: tundu lake ni milimita 17. Anayeijua kanuni hii hapotezi siku nzima akijaribu beringi moja baada ya nyingine kwenye rundo la vyuma chakavu.

Ncha ya kichwa na ncha ya mkia lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Jaribio lake ni jepesi: sogeza mkia hadi ncha mbili zigusane. Zikipishana, inua upande ulio chini kwa vipande vya bati hadi zikutane. Umbali kutoka kitandani hadi kwenye ncha ndio unaopanga ukubwa wa kazi. Ukiwa milimita 150, mbao kubwa kabisa inayoweza kuzunguka bila kugusa kitanda haifiki kipenyo cha milimita 300.

Mota na kasi

Hapa ndipo kerezo la kujitengenezea huwa zuri au huwa la hatari. Usichukue mota kwa sababu tu inazunguka. Soma kibati chake. Mota nyingi za mashine za karakana huandikwa mizunguko 1,440 hivi kwa dakika, lakini mota nyingi za pampu za maji huandikwa 2,850 hivi. Mota za brashi, kama zile za baadhi ya mashine za kufulia, zina tabia mbaya zaidi: bila kidhibiti na bila mzigo, kasi yake huendelea kupanda.

Kanuni ya puli ni hii:

kasi ya mota × kipenyo cha puli ya mota = kasi ya shafti × kipenyo cha puli ya shafti

Mfano. Mota ya mizunguko 1,440 ina puli ya milimita 60. Puli ya shafti ni milimita 120. Kasi ya shafti = 1,440 × 60 ÷ 120 = mizunguko 720 kwa dakika.

Sasa weka mota ya pampu ya 2,850 na utake mizunguko 700. Puli ya shafti ingehitaji kipenyo cha 2,850 × 60 ÷ 700, yaani milimita 244 hivi. Puli kubwa kiasi hicho ni shida kuipata, na kichwa kingelazimika kuinuliwa sana. Tumia shafti ya kati: puli ya 60 iende kwenye ya 150, kisha ya 60 nyingine iende kwenye ya 100. Utapata 1,140, halafu 684. Jibu la namna hii humwonyesha msahihishaji kwamba umefikiri kama fundi.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Tuseme bakuli lina uvimbe upande mmoja wa gramu 100, sentimita 15 kutoka katikati. Nguvu inayouvuta uvimbe huo ni F = mω²r. Kwa mizunguko 1,440, ω ni 151 hivi, na F hufika nyutoni 341: kama kuning'iniza mzigo wa kilo 34 unaozunguka mara 24 kila sekunde. Kwa mizunguko 720, F ni nyutoni 85 tu. Kasi imepungua mara mbili, nguvu imepungua mara nne.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, mwenzetu mmoja aliunga mota ya pampu moja kwa moja na shafti, bila puli, akafunga gogo la mwembe la kipenyo cha sentimita 30. Gogo lilikuwa na ufa. Lilipasuka kabla patasi haijaligusa, nusu yake ikatoboa bati la paa. Piga hesabu mwenyewe: kwa mizunguko 2,850, ukingo wa gogo hilo ulikuwa ukienda karibu mita 45 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa ameinama kuokota patasi.

Kabla ya kuwasha

Zungusha mbao kwa mkono mzunguko mzima uone kwamba haigusi egemeo. Egemeo likae karibu na mbao, milimita chache tu, kwa sababu nafasi kubwa huifanya patasi inyakuliwe. Hakikisha upande wa juu wa mbao unazunguka kuja kwako. Swichi iwe mahali mkono unapofika bila kuvuka mkanda. Ganda la mota liungwe na waya wa ardhi. Vaa kinga ya uso. Usivae glovu, shanga wala mikono mirefu ya shati. Nywele ndefu zifungwe. Unapowasha, simama kando, usisimame mbele ya mbao.

Swali la mfano

Eleza kwa nini kazi ya kipenyo kikubwa hukerezwa kwa mizunguko michache kuliko kazi nyembamba. (alama 4)

Jibu: Ukingo wa kazi pana husafiri umbali mrefu zaidi katika mzunguko mmoja, hivyo kwa idadi ileile ya mizunguko kasi ya ukingo ni kubwa zaidi (2). Pia uzito usio sawa ukiwa mbali na katikati huleta nguvu kubwa, mashine ikatikisika na mbao ikaweza kung'oka au kupasuka (2).

Jipime

1. Mota ya mizunguko 1,420 ina puli ya milimita 80, na shafti ina puli ya milimita 160. Tafuta kasi ya shafti.

2. Tafuta kasi ya ukingo, kwa mita kwa sekunde, ya mguu wa kiti wa kipenyo cha milimita 60 unaozunguka mara 1,440 kwa dakika.

3. Umepewa beringi mbili za 6205 na bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 27. Je, bomba hilo linafaa kuwa shafti kama lilivyo? Toa sababu.

4. Rafiki yako anataka kuvaa glovu za ngozi ili vibanzi visimchome. Mwandikie sentensi tatu za kumzuia.

Majibu: (1) mizunguko 710 kwa dakika. (2) mita 4.5 kwa sekunde. La 3 na la 4 mwonyeshe mwalimu wako.